Saa ya Kiongozi ni Mali ya Watu

(Maneno ya mwenyekiti wa kamati kwa viongozi wa vijiji, kambi ya Nyarugusu)



Tangu kambi hii ifunguliwe mwaka 1996, kiongozi hajakosa kazi. Mwaka 2015 ndugu zetu wa Burundi walipofika kwa maelfu, hata shule ziligeuka malazi. Siku moja ya wakati huo mama mmoja alinisubiri mlangoni tangu alfajiri, mtoto wake akiharisha. Mimi nilikuwa mkutanoni, tukipanga viti vya wageni. Niliporudi, jirani alikwisha kumbeba mtoto hadi zahanati. Alipona, lakini aibu ilinibakia.

Tangu hapo kila asubuhi nagawa kazi mafungu matatu. Kwanza ya uhai: mgonjwa, maji, aliyepigwa, mtoto aliyepotea. Hayo hayangoji. Pili yenye siku yake: mgawo wa chakula, orodha za kaya. Tatu yanayoweza kungoja: barua, ugomvi wa mipaka ya bustani. Hayo mkabidhi katibu au mjumbe.

Nanyi wa mashirika, twaomba mikutano isiwekwe siku ya mgawo.

Mgeni aweza kungoja kiti. Mtoto mgonjwa hawezi.