Tiketi ya Umra kwa Pointi za Kadi: Nani Amelipa?

(Matini ya mawaidha yaliyotolewa baada ya sala ya Alasiri mbele ya waumini wa Geita, na kurudiwa Kahama)

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, sahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema. Ama baada ya haya.

Ndugu zetu katika imani, mazungumzo yetu ya leo yametokana na suala la kijana mmoja, fundi wa mitambo katika mgodi mmojawapo wa ukanda wetu huu wa dhahabu. Alitujia baada ya darsa la usiku, akatuonesha kwenye simu yake hesabu ya pointi alizokusanya kwa muda wa miaka mitatu kwa kutumia kadi ya mkopo ya benki. Pointi zile, alisema, zinatosha tiketi ya ndege ya mtu mmoja kutoka Mwanza hadi Jeddah na kurudi, kwa kupitia Dar es Salaam. Mama yake ni mjane, yuko kijijini upande wa Shinyanga. Alilima pamba miaka mingi ili mwanawe asome, naye anatamani mno kuiona Al-Kaaba kabla hajafa. Kijana akatuuliza: "Ustadhi, tiketi hii ni ya bure. Je, Umra ya mama itasihi?"

Hatukumjibu usiku ule. Tulimuomba muda kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuwa kadi yenyewe hatukuifahamu vyema. Mwalimu wa madrasa hulipwa na wazazi kwa noti, na msimu wa mavuno pengine kwa debe la mahindi, na hakuna benki iliyowahi kumbembeleza achukue kadi ya mkopo. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Tulipokuwa masomoni Khartoum, kabla vita vya 2023 havijauharibu mji ule, tulipata habari kuwa mzazi wetu ni mgonjwa, nasi hatukuwa na nauli. Mfadhili mmoja akatukatia tiketi, akasema tusiwe na wasiwasi, kwani ni pointi tu. Tukapanda ndege, tukashukuru, wala hatukuuliza pointi ni kitu gani. Kwa hiyo suala la kijana lilitugusa na sisi.

Sasa natutazame jambo lenyewe lilivyo, maana maulamaa wamesema kuwa hukumu ya kitu ni tawi la kukifahamu kitu hicho.

Mwaka 1981 shirika la ndege la American Airlines la Marekani lilianzisha mpango wa kuwatunuku abiria wake wa mara kwa mara: kila usafiripo unaandikiwa maili, na maili zikitimia unapewa safari. Hapo zawadi ilikuwa ni ya msafiri. Mwaka 1987 shirika hilo likaungana na benki ya Citibank kutoa kadi ya mkopo ambayo kila dola itumikayo humpatia mwenye kadi maili. Tangu hapo maili zikawa bidhaa. Mashirika ya ndege huziuza kwa benki, na benki huwagawia wateja wao. Leo mtu anaweza kupata safari ya ndege bila ya kuwahi kupanda ndege, kwa kununua dizeli, sukari na mabati.

Fedha za kununulia pointi hizo zinatoka wapi? Chukueni mfano. Umeingia katika duka la vipuri Mwanza, umenunua bidhaa ya shilingi 100,000, ukapitisha kadi kwenye mashine. Benki inamlipa mwenye duka, lakini si zote; tuseme inampa 97,500 na inabakiza 2,500 kuwa ujira wake. Wewe sasa unadaiwa na benki 100,000. Ukilipa kabla ya siku iliyowekwa, hulipi zaidi. Ukichelewa, deni linaanza kuzaa. Basi benki ina vyanzo vitatu: makato ya mwenye duka, ada ya mwaka ya kadi, na riba ya waliochelewa. Kutokana na mchanganyiko huo ndipo inaponunua pointi. Fedha zile zimeshachanganyika, na hakuna awezaye kukuambia pointi yako imetoka katika fungu lipi.

Mwenye duka naye si mjinga. Makato yale ameshayaingiza katika bei. Lakini bei ni moja, na bibi aliyekuja na noti zake alizozifunga kwenye pindo la khanga analipa bei ile ile, na pointi hapati. Mwaka 2010 watafiti wa Benki Kuu ya Marekani, tawi la Boston, walikadiria kuwa kaya inayolipa kwa fedha taslimu ilikuwa ikizichangia kaya zenye kadi wastani wa dola 149 kwa mwaka, na kaya yenye kadi ikinufaika kwa dola 1,133. Umoja wa Ulaya ulipoweka kikomo mwaka 2015, kwamba ada ya benki itoayo kadi ya mkopo isizidi asilimia 0.3 ya manunuzi ya kawaida, zawadi za kadi huko zilipungua sana. Makato yalipopungua, "bure" nayo ilipungua.

Ndugu zetu, hapa yafaa tutahadhari tusiharamishe kwa hasira. Kuna wahubiri wakisikia neno benki hupiga meza na kumaliza. Pointi kwa dhati yake si riba. Riba ya mkopo ni manufaa anayoshurutishwa mkopaji kumpa mkopeshaji. Katika kadi ya mkopo, benki ndiyo mkopeshaji, na ndiyo itoayo zawadi. Manufaa yanakwenda upande mwingine. Hali kadhalika, ujira anaokatwa mwenye duka maulamaa wengi wa zama hizi wameukubali kuwa ni malipo ya huduma.

Tatizo liko katika mkataba. Kijana alipoomba kadi alitia saini karatasi isemayo kuwa akichelewa atalipa ziada juu ya deni, na ziada hiyo itakua kwa kadiri ya muda. Hiyo ndiyo riba iliyokatazwa katika Suratul Baqara, aya ya 275 hadi 279, haina jina jingine. Jopo la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 12 kilichofanyika Riyadh mwezi Septemba 2000, liliamua kuwa haijuzu kutoa kadi ya mkopo yenye sharti la ziada ya riba, wala kuitumia, hata kama mwenye kuiomba amenuia kulipa ndani ya muda wa msamaha. Wako wanavyuoni, hasa waishio nchi za Magharibi ambako bila ya kadi ni taabu kupanga hata chumba cha hoteli, waliolegeza kwa mwenye haja aliye na yakini ya kulipa kwa wakati. Tunawaheshimu. Lakini je, fundi wetu wa Geita ana haja gani nayo? Mshahara wake unaingia benki, ana kadi ya kawaida, ana simu. Aliichukua kadi ile kwa ajili ya pointi tu, baada ya kufundishwa na wafanyakazi wenzake wageni.

Tena hiyo yakini iko wapi? Tulipomdadisi zaidi, alikiri kuwa katika miaka mitatu alichelewa mara mbili, mara moja kwa sababu ya msiba na mara moja kwa kusahau tu, na akatozwa. Akakiri pia kuwa wenzake walipotaka kununua matairi au jenereta alikuwa akiwalipia kwa kadi yake na kupokea noti zao, ili pointi ziongezeke. Mtu ambaye asingekopa hata shilingi akawa kila mwezi anakopa mamilioni. Ndivyo zawadi inavyofanya kazi: inakufundisha kupenda deni.

Wenzetu wachimbaji wadogo wasijione wamesalimika kwa kuwa kadi hawana. Sharti la mkopo mnalijua vizuri kuliko wenye kadi. Mwenye fedha anawapa wachimbaji wa duara unga, maharage, dizeli na fedha za timba, kisha anasema: huu ni mkopo, mtanirudishia wote, lakini dhahabu yenu mtaniuzia mimi tu, na kwa bei chini ya ile ya soko. Hapo manufaa yanamwendea mkopeshaji moja kwa moja, na ni sharti. Duara likitoka maji badala ya dhahabu, deni liko pale pale. Huo ndio mkopo unaovuta manufaa ambao mafakihi wameuhesabu kuwa ni riba, nao tunauona kila siku Geita, Kahama na Msalala, na pengine mkopeshaji yumo katika safu ya kwanza. Akitaka halali, mlango wa ushirika uko wazi: aingie katika faida na hasara, wagawane mawe kwa mafungu waliyokubaliana.

Na madhali tumeitaja dhahabu: tangu soko la madini la Geita lifunguliwe mwezi Machi 2019, biashara hii imetoka gizani, na hilo ni jambo la heri. Lakini dhahabu kwa fedha ni mkono kwa mkono, hapo hapo. Kikao kile kile cha Riyadh kilikataza kununua dhahabu, fedha na sarafu kwa kadi ya mkopo isiyo na amana nyuma yake. Anayefikiri kumnunulia mkewe mkufu kwa kadi ya mkopo, apate na pointi juu yake, amekusanya makosa mawili katika mfuko mmoja.

Ama kadi ya kawaida, ile inayokata fedha zako mwenyewe zilizomo katika akaunti, hiyo yajuzu kuitumia kwa manunuzi, na pointi zitokanazo na manunuzi hayo maulamaa wengi hawazioni kuwa na ubaya. Isipokuwa hapa pana jambo ambalo wengi hulikosea. Unapoweka fedha benki katika akaunti ya kawaida, kisheria wewe ndiye mkopeshaji na benki ndiyo mkopaji. Basi zawadi unayopewa kwa sababu tu umeweka fedha inakaribia zaidi riba kuliko pointi za kadi ya mkopo. Viwango vya AAOIFI, taasisi yenye makao Bahrain inayoziwekea utaratibu taasisi za fedha za Kiislamu, vimeizuia zawadi ya namna hiyo. Mtakumbuka mwaka 2014, kampuni ya simu iliyokuwa ikiitwa Tigo, na ambayo sasa inaitwa Yas, ilipoanza kuwagawia wateja wa Tigo Pesa sehemu ya faida ya fedha zao zilizohifadhiwa benki. Watu waliamka wakakuta salio limeongezeka, wakaja misikitini kuuliza. Tunavyoona sisi, faida ya amana zilizowekwa katika benki za kawaida kwa mpango wa riba haiwi halali kwa kupitia kwenye simu. Aliyeipokea aitoe kwa maskini bila ya kunuia thawabu za sadaka.

Turudi kwa kijana wetu na Umra ya mama yake. Wengi katika maulamaa wanasema kuwa ibada ya Hija au Umra kwa mali ya haramu inasihi, lakini mwenye nayo anabeba dhambi, na kukubaliwa kwake ni jambo jingine. Kauli iliyo mashuhuri katika madhehebu ya Imam Ahmad ni kuwa haisihi. Pointi zenyewe zina shaka, si haramu ya wazi, na yeye alizikusanya hali ya kuwa hajui. Tuliwauliza walimu wetu wawili wa Shinyanga. Mmoja akasema yaliyopita ni yake, azitumie, kisha aifunge kadi. Wa pili akasema aifunge kadi na aziache. Sisi tukamwambia wazi kuwa kufunga kadi ni wajibu wake na hatuna shaka nalo. Ama tiketi, tunapendelea aiache kwa sababu ya riba aliyoilipa mara mbili, ila hatuwezi kumharamishia. Na tukamkumbusha kuwa mama yake hajafaradhishiwa safari asiyoiweza. Uwezo ni sharti, na Mola wake anaijua nia yake.

Akaenda kijijini kumweleza mama. Tulidhani mama angelia. Alisikiliza yote, hadithi ya mwenye duka, ya benki na ya waliochelewa, kisha akauliza: "Na hao waliochelewa kulipa, walikuwa na mama zao?" Kijana anasema hakupata jibu, akalala pale siku mbili.

Kadi ameifunga. Pointi zimebaki huko zilikokuwa, na kwa mujibu wa masharti ya kadi zitafutika. Amefungua akaunti katika benki isiyotoa riba. Anaweka fungu kila mwezi mshahara uingiapo, na dada zake wawili wanaouza mchele Kahama wanaongeza walichojaaliwa. Tulipomuuliza wiki iliyopita, alisema nauli imefika nusu, na mama ameshapigwa picha za pasipoti.

Wallahu aalam.