Israfu katika Ujenzi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi na kuithibitisha kwa milima. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake.

Amma baad. Ndugu Waislamu, tunakuusieni pamoja na nafsi zetu kumcha Mwenyezi Mungu katika ibada na katika kazi za mikono yetu. Leo tumekusudia kuzungumza juu ya kazi ambayo wengi huidhani ni jambo la mafundi peke yao, nayo ni ujenzi.

Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina mwaka 622, miongoni mwa kazi zake za mwanzo ilikuwa kujenga msikiti. Kuta zake zilikuwa za matofali ya udongo yasiyochomwa, nguzo zake magogo ya mitende, na paa lake makuti. Yeye mwenyewe alibeba matofali pamoja na Masahaba. Utukufu wa msikiti ule haukupungua hata chembe kwa kujengwa na vitu vilivyopatikana karibu.

Tutazame sasa hapa kwetu Lushoto na Usambara kwa jumla. Wazee wetu walijenga kwa miti na udongo. Leo wengi wetu hujenga kwa matofali ya kuchoma, nayo ni mazuri na imara. Lakini kila tanuri linataka kuni, na kuni zinatoka katika miti ya milima hii. Tanuri likipangwa vibaya, matofali ya pembeni hayaivi. Mvua ya masika ikinyesha, hugeuka tope. Hapo mti umekwisha teketea, wala nyumba haikupata kitu. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alitukataza kuisrafu maji ya udhu hata tukiwa kando ya mto unaotiririka. Ikiwa ndivyo kwa maji ya mtoni, itakuwaje kwa mti uliochukua miaka mingi kukua?

Njia nyingine ipo. Yako matofali ya kufungamana, yanayotengenezwa kwa udongo wa chini, si ule mweusi wa juu unaootesha mazao. Udongo huo huchanganywa na saruji kidogo, ukashindiliwa katika mashine ya mkono, kisha tofali likawekwa kivulini na kunyunyiziwa maji mpaka likomae. Halihitaji kuni. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukiwafundisha wananchi ufundi huo.

Ndugu zetu katika imani, yako pia madhara ya kifusi. Mwaka 1981 ulianza hapa Lushoto mradi wa kuhifadhi udongo, na wakulima wengi wakajifunza kukinga maji kwa matuta, majani na miti. Je, ni busara kuuzuia udongo shambani kwa jasho, kisha tukakata kilima kujenga nyumba na kuumwaga udongo wote korongoni? Mvua huuchukua pamoja na vipande vya zege na mifuko ya saruji, ikaviteremsha kwenye kijito anachochota jirani wa bondeni. Mto Umba unaanzia katika milima hii, ukavuka mpaka na kuingia baharini karibu na Vanga, nchini Kenya. Basi jirani yetu wa chini ni mbali kuliko tunavyodhani, na haki yake i shingoni mwetu. Ikiwa kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani, kuutupa udhia katika maji ya watu ni nini?

Jambo hili ni zito zaidi tunapojenga misikiti na madrasa. Saruji ile imenunuliwa kwa sadaka. Pengine mjane ametoa thamani ya mayai yake. Ikiachwa chini penye unyevu ikaganda, iliyopotea ni amana. Na msikiti wa zamani ukibomolewa ili ujengwe mpya, mabati, mbao na milango yake ni mali ya wakfu. Si halali mtu kuvichukua nyumbani kwake, wala si vema vioze uani. Vihesabiwe mbele ya mashahidi, vitumike katika msikiti huo huo, au vinufaishe msikiti mwingine kwa kauli ya wanazuoni na wasimamizi wa wakfu.

Basi tushike mambo haya. Tupime kabla ya kununua. Saruji iwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, na pachanganywe kiasi kitakachokwisha kabla ya kuganda. Mbao za kufungia zege zing'olewe kwa uangalifu zitumike tena. Matofali yaliyovunjika yajaze chini ya sakafu. Udongo uliochimbwa ukingwe kwa mawe na kupandwa majani. Na fundi asihesabiwe kuwa amemaliza kazi mpaka kiwanja kiwe safi.

Nyumba ina baraka ikiwa haikusimama juu ya dhara la mwingine. Qur'ani Tukufu imewahesabu wabadhirifu kuwa ndugu wa mashetani. Tujikinge na udugu huo.

Ewe Mola wetu, tujaalie makazi yenye utulivu, utuhifadhie milima na chemchemi zetu, na utukubalie misikiti tunayokujengea. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.