Deni Limekwisha, Hati Bado Imefungwa
Mwenye nyumba aliyelipa mkopo wa benki hadi shilingi ya mwisho anaweza bado kukwama siku ya kuuza, kwa kuwa rehani haijafutwa kwenye daftari la ardhi. Nchini Kenya, benki husaini hati ya kuondoa rehani, nayo husajiliwa kwa msajili wa ardhi. Risiti pekee haitoshi.

Yupo pia anayetaka kuzuia mauzo ya ardhi. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inamruhusu mwenye maslahi, mathalani mnunuzi mwenye mkataba, kuomba zuio liandikwe dhidi ya kiwanja. Anayeliweka bila sababu ya msingi anaweza kudaiwa fidia mahakamani, na ni haki kabisa.

Anayeumia zaidi ni mke asiyejua kwamba nyumba ya ndoa imewekwa rehani. Kifungu cha 79 cha Sheria ya Ardhi kinataka sahihi au ridhaa ya mwenzi. Bila hivyo, rehani ni batili. Deni likicheleweshwa, benki hutoa notisi isiyopungua siku 90, kisha nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Huo ndio muda wa kumwona wakili, na asiye na uwezo aombe msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016.