Wakili wa Wasio na Kitu

Vijana wenzangu, na nyinyi wazazi wetu,

Matatu za nambari 46 zikitoka mjini kwenda Kawangware hupita Hurlingham, katika barabara ya Argwings Kodhek. Jina twalijua kwa sababu ya foleni. Mtu mwenyewe je, wamjua?

Clement Argwings-Kodhek alizaliwa Gem, Nyanza, mwaka 1923, akasomea sheria Uingereza. Aliporudi, serikali ya mkoloni ilimpa kazi kwa mshahara mdogo kuliko wa Mzungu mwenye kazi ile ile. Akakataa. Akafungua ofisi yake mwenyewe hapa Nairobi.

Hebu tazama wakati wenyewe ulivyokuwa. Oktoba 1952 ilitangazwa hali ya hatari. Ukipatikana na risasi moja tu, waweza kuhukumiwa kitanzi. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa katika kesi za Mau Mau. Mshtakiwa aghlabu ni mkulima au kibarua, hana pesa, na Kiingereza cha mahakamani hakijui. Wakili akimsimamia mtu kama huyo, ajua serikali itamwekea jicho. Kodhek aliwasimamia, na wengine hakuwatoza kitu.

Na wala usidhani wema ule ulimfungulia milango yote. Mwaka 1955 serikali iliporuhusu Waafrika vyama vya wilaya, aliongoza kile cha Nairobi. Lakini uchaguzi wa Machi 1957, wa kwanza kwa Waafrika, alishindwa na Tom Mboya. Mwaka 1963 watu wa Gem walimchagua mbunge, baadaye akawa waziri wa mambo ya nje. Tarehe 29 Januari 1969 alifariki kwa ajali ya gari, kwenye barabara ile ile ambayo leo ina jina lake.

Siku hizi tunayo Katiba ya 2010. Kifungu cha 50 chasema mshtakiwa apewe wakili wa serikali ikiwa bila hivyo atadhulumika pakubwa. Hata hivyo, wako wanaosimama kizimbani peke yao, hawaelewi hata shtaka walilosomewa.

Ndugu yangu unayesomea sheria, mwezi huu twawafuturisha masikini, na kumtetea masikini nako ni sadaka. Ukishapata leseni, atakuja mtu asiye na ada. Mlango utamfungulia? Amua sasa, kabla hujazoea pesa.