Msitu Ununuliwe Kabla Barabara Haijafika

Ndugu askari wa Jeshi na wa Polisi, ninyi mliowahi kushika doria kati ya Busia na Tororo mnaifahamu barabara kuu itokayo Jinja, jinsi inavyoupasua msitu wa West Bugwe huko Busitema. Mnaufahamu pia kwa sababu ya wanyang'anyi waliokuwa wakiwavizia wasafiri humo. Gari lilipopata njia, shoka na msumeno navyo vilipata njia. Hifadhi hiyo ya zaidi ya hekta 3,000 ni mali ya umma, na hata hivyo imekatwa vibaya.

Je, msitu usio hifadhi? Sera ya Misitu ya Uganda ya mwaka 2001 ilikiri kwamba asilimia 70 hivi ya misitu ya nchi ilikuwa katika ardhi ya watu binafsi. Mwenye msitu huo si mhalifu. Karo ya watoto inamkabili. Mfanyabiashara wa mbao anamjia na fedha mkononi, nasi tunamjia na makatazo matupu. Mwezi Februari 2018 Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu yake ya umma, na mwezi huo huo Marais Museveni na Kenyatta walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani Busia. Mbao zikiadimika ng'ambo moja, mnunuzi huvuka.

Kwa maoni yetu, Serikali na iwe mnunuzi wa kwanza. Ibara ya 26 ya Katiba ya mwaka 1995 inakataza kumwondolea mtu ardhi yake kabla hajalipwa fidia ya haki. Ibara ya 237 inaikabidhi Serikali misitu ya hifadhi kuwa amana ya wananchi. Njia ya kufikia ya pili bila kuivunja ya kwanza ni kununua. Tena si jambo geni: Mfuko wa Ardhi, uliowekwa na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998, umekwisha kununua ardhi ya makabaila huko Kibaale kwa ajili ya wakulima walioikalia.

Watasema fedha ni chache. Ni kweli, lakini ardhi isiyofikiwa na lori bado ni rahisi. Tingatinga likipita, bei itapanda.

Leo askari akilisimamisha lori usiku, dereva hujibu kwamba mbao zimetoka shambani kwa mtu, na pengine anasema kweli. Ardhi ikinunuliwa na mipaka ikawekwa mawe, atakayekutwa humo na msumeno hatakuwa na jibu hilo.