KAZI YA PILI BAADA YA KUSTAAFU: KIWANJA CHA GOFU

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Tunduma)



Nimeombwa niseme habari ya kazi ambayo mtumishi aweza kuishika baada ya kustaafu, nami nimechagua kiwanja cha gofu. Najua wengine watacheka, maana mkoa wetu wa Songwe, tangu ulipotengwa na Mbeya mwaka 2016, wajulikana kwa kahawa ya Mbozi, kwa kimondo, na kwa malori yaendayo Zambia, wala haujulikani kwa gofu. Nawaomba mnisikilize kwanza, ndipo mcheke.

Mtumishi wa Serikali, kwa walio wengi wetu, aweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na miaka 60. Mtu wa miaka 60 macho yake bado yaona na mkono wake bado waandika. Fedha yake ya mkupuo je? Kwa kanuni iliyoanza Julai 2022 mkupuo ulikuwa asilimia 33 ya mafao. Mwaka 2024 Serikali ikatangaza kuupandisha, asilimia 40 kwa kundi moja na 35 kwa kundi la pili. Sehemu iliyosalia hulipwa kidogo kidogo kila mwezi. Basi twaona mara nyingi mstaafu akiutia mkupuo wote katika lori kuukuu au duka la mpakani, biashara asiyoijua, na mwaka haujaisha fedha imekwisha. Mtu mwenye kazi ya pili hana haraka hiyo. Pensheni yalisha nyumba, mshahara mdogo walipa ada ya mtoto aliyebaki shuleni, na mkupuo wakaa salama hata apate shauri jema.

Sasa kwa nini gofu? Mchezo huu uliletwa kwetu na Wazungu. Klabu ya Entebbe ilianza mwaka 1901, na ya Nairobi mwaka 1906. Siku zile Mwafrika aliingia kiwanjani kwa kubeba mfuko wa fimbo za bwana, yaani kuwa kedi, au kwa kufyeka majani. Hata makarani waliosoma, wale walioanzisha chama cha watumishi Waafrika mjini Tanga mwaka 1922 pamoja na Martin Kayamba, hawakuwa na kiti katika klabu za Wazungu. Leo mlango u wazi. Jeshi letu la Wananchi lina kiwanja chake Lugalo, Dar es Salaam. Viko viwanja vya Gymkhana Dar es Salaam, Arusha na Morogoro, kiko cha Moshi, na katika nyanda zetu hizi za juu kiko cha Mufindi katikati ya mashamba ya chai. Kila kimoja chahitaji watu wa kukitunza na watu wa kuandika.

Watu wengi wadhani kazi ya kiwanjani ni kubeba mfuko tu. Sivyo. Nitataja kazi tatu zimfaazo mtu wa makamo yetu.

Ya kwanza ni kuwapanga makedi. Asubuhi hufika vijana wengi, na wachezaji ni wachache. Mpangaji huandika majina kwa zamu, humpa kila mmoja mfuko wake, na huangalia alipwe ujira wake. Sisi wa Tunduma twaijua kazi hii kuliko wengine, maana tumeona foleni ya malori mpakani. Hata baada ya kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kufunguliwa mwaka 2019, dereva anayerukwa zamu hukasirika, na hasira yake ina haki. Kedi naye akirukwa zamu, siku hiyo nyumbani kwake hapaliwi.

Ya pili ni ya daftari la handikapu. Handikapu ni hesabu ipimayo uwezo wa mchezaji, ili mdhaifu na hodari waweze kushindana kwa haki. Kwa utaratibu wa dunia nzima uliotumika tangu mwaka 2020, huchukuliwa matokeo 20 ya mwisho ya mchezaji, yakachaguliwa 8 yaliyo bora, ukatafutwa wastani wake. Wala handikapu haipiti 54. Hesabu yenyewe hufanywa na mashine. Lakini mashine haijui kama karatasi iliyoletwa ni ya kweli. Yuko mchezaji aandikaye matokeo mabaya kwa makusudi ili handikapu yake ipande, apate kushinda zawadi siku ya mashindano. Huyo atamjia karani kwa maneno matamu, na pengine kwa bahasha. Mabwana, bahasha hiyo twaijua. Karani aliyekaa miaka 30 forodhani bila kuipokea ana kitu ambacho klabu haiwezi kukinunua dukani.

Ya tatu ni bohari na malezi ya majani. Shimo la gofu lina upana wa milimita 108, na majani yalizungukayo hukatwa mafupi mno, kadiri ya milimita 3 hata 5, karibu kila siku. Shimo lenyewe huhamishwa mara kwa mara ili majani yasichakae mahali pamoja. Ukoka wataka maji, mbolea na mchanga kwa kipimo. Mtu aliyezaliwa Mbozi, anayejua kwamba mvua huanza karibu na Novemba na kukoma Aprili au Mei, hahitaji kufundishwa kwa nini maji ya kiangazi yahesabiwe. Mafuta ya mashine, dawa na mbegu huingia na kutoka kwa hati, na hapo karani wa bohari yuko nyumbani.

Sasa niseme uchungu wake, nisije nikawadanganya. Mshahara si mkubwa. Jua ni kali, na kusimama ni kwingi. Lililo zito kuliko yote, mkubwa wako aweza kuwa kijana wa umri wa mwanao, naye atakutuma. Aliyezoea kuitwa mzee ofisini na kuletewa jalada mezani ataona haya kuonekana akihesabu mifuko ya fimbo. Lakini haya hiyo yatoka wapi? Cheo kilikuwa cha Serikali, nacho tulikirudisha pamoja na funguo. Kilicho chetu ni ujuzi na uaminifu, na hivyo havistaafu. Mchagua jembe si mkulima.

Basi atakaye njia hii na ashike mambo manne. Mosi, aanze kujifunza kabla ya kustaafu. Achukue sehemu ya likizo yake aende Mufindi au Lugalo akaone kazi kwa macho. Pili, asikubali kazi ya maneno matupu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri aandike masharti ya kazi, na saa za kawaida zisipite 45 kwa juma. Tatu, aulize habari ya nyumba, maana mshahara mdogo mbali na kwao huliwa na kodi. Nne, asithubutu kutia mkupuo wake katika kutengeneza kiwanja chake mwenyewe. Kiwanja cha mashimo 18 hutaka ekari zipatazo 100 na zaidi, na hiyo si kazi ya mstaafu mmoja. Atakaye kubaki nyumbani Vwawa au Tunduma na apande kitalu cha ukoka, auzie shule, mahoteli na viwanja vya mpira. Elimu ni ile ile, na hasara yake ni ndogo.

Mabwana, sikusema kila mstaafu aende kwenye gofu. Nimesema kwamba kalamu tuliyoishika miaka mingi ina kazi mahali tusipopatazamia, na mwenye kuitafuta mapema ataipata angali ana nguvu.