Tumbo Likikaza, Usingoje Asubuhi

Leo tuongee habari za tumbo. Sio lile la kuvurugika kwa chakula, ambalo kesho limepoa. Naongelea tumbo ambalo dawa yake ni kisu cha daktari.

Mara nyingi sababu ni hizi. Kidole tumbo: maumivu huanzia kitovuni, kisha hushuka chini kulia. Ngiri iliyobanwa: uvimbe wa kinenani uliokuwa ukirudi ndani, sasa haurudi na unauma. Utumbo kujisokota: tumbo linajaa, choo hakitoki, hata hewa haitoki. Homa ya matumbo: isipotibiwa vizuri yaweza kutoboa utumbo. Na dada zangu, mimba iliyotunga nje ya kizazi: umekosa siku zako, tumbo linauma, unaona kizunguzungu. Huenda damu inavuja ndani. Usifiche kwa kuogopa kusemwa. Mwambie hata nesi peke yake.

Je, mwisho wake ni upi? Unategemea sana saa. Kidole tumbo kikiwahiwa, wengi hupona na kurudi nyumbani baada ya siku chache. Kikipasuka, usaha husambaa tumboni, na hapo ni kupigania maisha. Utumbo uliobanwa hukosa damu ukaoza. Daktari hulazimika kukata kipande. Mwaka 1902 Mfalme Edward wa Saba wa Uingereza alishikwa na kidole tumbo siku chache kabla ya kutawazwa. Sherehe ikaahirishwa, akapasuliwa kwanza. Sembuse wewe na nyavu zako za dagaa?

Tena sisi tuna ziwa. Mgonjwa wa Kagunga au Kalya akipewa rufaa ya Hospitali ya Maweni, Kigoma mjini, huenda akategemea boti. Ziwa likichafuka, safari inangoja. Ndiyo maana masaa yanayopotea kwa kusema "ni chango tu" yanauma zaidi kwetu.

Basi, ukiona maumivu makali yasiyokoma, tumbo gumu kama ubao, au kutapika mfululizo, nenda kituo cha afya hata kama ni usiku. Usinywe dawa ya kuharisha, usipigwe bomba la mitishamba, usikandwe tumbo. Usile kitu mpaka uonwe.

Na kijijini mpange mapema: boti ya nani, mafuta ya nani, na nani yuko tayari kutoa damu?

Sasa nipeni maswali.